Uliza Tujibu: Mida, maji yakijaa na yakipwa

Barua za mwezi huu zimeelekea mahali pamoja: Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu nyuma ya Watamu, Kaunti ya Kilifi. Wenyeji wengi husema kriki, nasi tutasema hivyo hivyo. Kwa asiyeijua, ni kama kilomita 32 za mraba za mikoko, tope, mchanga na nyasi za bahari, ndani ya eneo la bahari la Watamu lililowekwa chini ya ulinzi mwaka 1968. Huko nje kwenye bustani za matumbawe hakuvuliwi kitu. Kriki yenyewe iko katika sehemu ambayo uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa, ndiyo maana utakuta watu na mitumbwi yao kazini. Ng'ambo ya barabara kuu ya Mombasa–Malindi ndio msitu wa Arabuko-Sokoke.

Tulitoka Nairobi usiku, tukafika Mida saa nne asubuhi. Tulichokiona ni uwanja wa tope mpaka mwisho wa macho, na ndege kama punje za mchele mbali kabisa. Kijana wa pale akatuambia, "Mmekosea maji." Maji hukosewaje?
*Msomaji, Umoja, Nairobi*

Alisema kweli, ndugu. Ndege wa Mida hula topeni. Maji yakipwa, uwanja wote unakuwa wazi na wao wanatawanyika kilomita nzima kutafuta kaa na minyoo. Maji yakianza kujaa, tope linafunikwa kuanzia huko mbali, nao wanasukumwa hatua kwa hatua kuja upande wako. Saa mbili za mwisho kabla ya maji kujaa kabisa ndizo za kuwa pale. Ukifika wakati wa kupwa unaona mchele. Ukifika maji yamekwisha kujaa, wengi wameshahamia mahali pa kupumzikia na hutawaona tena mpaka yaanze kushuka.

Sasa hesabu yenyewe. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele, kwa wastani dakika 50. Katika pwani hii, siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu pamoja na siku moja mbili zinazofuata, maji hujaa kama saa kumi jioni na tena kama saa kumi alfajiri. Hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka: hujaa saa nne na kupwa saa kumi. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana kazi rahisi: mwezi mosi hadi tatu na kumi na tano hadi kumi na saba ni bamvua, mwezi nane au tisa, na ishirini na mbili au ishirini na tatu, ni maji mafu. Nyinyi bila shaka mlikwenda siku za bamvua, mkafika saa ile ile ya kupwa.

Chagueni bamvua tena, lakini fikeni saa saba mchana. Kuanzia saa nane mpaka saa kumi maji yanapanda, na jua la alasiri linakuwa mgongoni, upande wa barabara kuu, kwa hiyo rangi za ndege zinaonekana. Asubuhi jua linawachoma macho na kila ndege anakuwa kivuli cheusi. Maji mafu hatuyapendekezi kwa mgeni wa siku moja. Bahari haipandi vya kutosha kuwasukuma ndege, wanabaki katikati wakila kwa raha zao.

Majedwali ya maji ya Mombasa hupatikana kwenye simu na hutosha, ila kumbukeni kwamba yamepimwa bandarini. Maji ya Mida lazima yapite kwanza kwenye mlango mwembamba ndipo yasambae ndani, hivyo pembeni mwa kriki hujaa baadaye kuliko jedwali linavyosema. Usikunje virago kwa sababu simu imekuambia yameshajaa.

Kuhusu usafiri: matatu ya Mombasa–Malindi inakushusha steji ya Mida, kabla hujafika Gede. Kutoka hapo ni mwendo mfupi wa miguu au bodaboda mpaka kwenye daraja la mbao linaloning'inia juu ya mikoko, na mwisho wake pana kibanda cha kutazamia ndege. Kiingilio hulipwa pale pale. Ni mradi wa shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya, na pesa hizo huchangia karo za sekondari kwa watoto wa vijiji vinavyozunguka kriki na msitu, mpango ulioanza mwaka 2001. Pigeni simu kabla ya safari kuuliza kama daraja liko wazi, maana mbao na kamba katika hewa ya chumvi hutaka marekebisho mara kwa mara.

Darubini: 8x42 inatosha. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Wengi hukimbilia 10x au 12x wakidhani kubwa ndiyo bora, kumbe mkono ukitetemeka kidogo nayo inakuza mtetemeko. Na daraja lile hucheza. Mtu mmoja akitembea, picha yote inaruka. Mwenye darubini kubwa ya miguu mitatu aisimamishe ndani ya kibanda, kisha awaombe wenzake watulie.

Hapa kwetu pwani ya Oman kuna ndege mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene mweusi kama wa kunguru, miguu mirefu. Shangazi yangu aliyekulia Malindi anasema ni yule yule wa Mida. Inawezekana ndege mmoja awe huku na huko?
*Msomaji, Muscat*

Shangazi yako ana jicho. Huyo kitaalamu ni *Dromas ardeola*; hapa tumwite mla-kaa, kwa kuwa kazi yake ni hiyo. Huzaliana katika fukwe na visiwa vya mchanga kuanzia Ghuba na Oman mpaka Bahari ya Shamu na Somalia, hasa kati ya Aprili na Julai. Baada ya hapo wengi huteremka kusini, na Mida ni moja ya makazi yao makubwa Kenya. Utawaona Mida kuanzia Agosti hadi Aprili. Wengine hawafiki huku kabisa: Barr Al Hikman, ule uwanja mkubwa wa tope huko Oman, mkabala na kisiwa cha Masirah, hubeba maelfu yao msimu huo huo. Kwa hiyo uliyemwona wewe huenda ni wa kukaa au wa kupita.

Mambo yake mawili ni adimu kwa ndege wengine wa kundi lake. La kwanza, huchimba shimo mchangani, refu kama mita moja hadi mbili, akataga humo yai moja tu, jeupe. Mchanga wenye joto humsaidia kulalia, hivyo mzazi anaweza kutoka kwenda kula. La pili, mtoto hulishwa na wazazi kwa muda mrefu sana, hata baada ya kusafiri. Ukiwa Mida mwezi wa Septemba au Oktoba tega sikio: utasikia mluzi wa kulalamika usiokwisha, na ukiufuata kwa darubini utakuta kijana wa rangi ya kijivu, mkubwa sawa na mzazi wake, anamfuata nyuma akiomba kaa.

Mwangalie anavyowinda. Anakwenda hatua tatu, anasimama, kichwa kimeinama upande, kisha anachomoka mbio. Kaa mdogo humezwa mzima. Mkubwa hupigwa kwa mdomo mpaka magando yang'oke, ndipo huliwa vipande vipande.

Mimi ni mwalimu wa biolojia huku Voi. Nataka kuleta kidato cha pili, wanafunzi 45. Wengine hawajawahi kuona bahari. Naomba mpango, na hatari za kujihadhari nazo.
*Mwalimu, Voi*

Mwalimu, kwa wanafunzi unataka maji yote mawili kwa siku moja: ya kupwa ili waingie mikokoni kwa miguu, na ya kujaa ili waone ndege. Bamvua inakupa hayo. Panga kufika saa tatu u nusu asubuhi. Saa nne hadi sita wawe topeni, saa sita hadi nane wale na kupumzika kivulini, na kuanzia saa nane wapande daraja. Wagawe makundi matatu ya 15, kila kundi na mwalimu na kiongozi wa pale kijijini. Usiwapandishe wote darajani kwa pamoja. Hata kama daraja litastahimili, kelele na mtikisiko vitawafukuza ndege kabla hamjaketi.

Viatu ndiyo shida ya kwanza. Sandali na malapa hubaki topeni. Miguu mitupu nayo hukatwa na maganda ya chaza walioshika mizizi, na jeraha la chaza huoza upesi kama halikuoshwa kwa sabuni na maji safi siku hiyo hiyo. Raba kuukuu za kufunga kamba, na soksi ndani, ndizo zinazofaa. Mtu akinasa topeni asivute mguu kwenda juu kwa nguvu, atazamisha ule mwingine. Aegemee nyuma kidogo, azungushe kisigino taratibu mpaka hewa iingie chini yake, kisha autoe mguu ukiwa umenyooshwa vidole. Kwenye maji ya magotini watembee kwa kuburuta nyayo bila kuinua miguu. Samaki taa hulala amejifukia mchangani. Akiguswa ubavuni hukimbia, akikanyagwa huchoma kwa mwiba wa mkia. Aliyechomwa, chovya mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, nyuzi 45 au chini kidogo, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto ndilo linalopunguza maumivu ya sumu ile. Jaribu kwanza maji kwa mkono wako, maana mguu wenye maumivu hausemi kweli kuhusu joto. Halafu hospitali, kwani kipande cha mwiba huweza kubaki ndani. Beba basi chupa mbili za chai zenye maji ya moto. Siku zote zitarudi zimejaa, na hiyo ndiyo heri.

Maji ya kunywa lita moja na nusu kwa kila mtoto, kofia, na shati la mikono mirefu kwa ajili ya usubi, ambao huuma zaidi kuliko mbu na huanza jua linapopungua. Chupa za plastiki za kutumia mara moja msije nazo; zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi na fukwe nchini tangu Juni 5, 2020.

La kufundisha ni jingi, lakini sisi tungeanza na ulimi. Mchu, ule mti wenye majani ya kijani juu na weupe chini, hutoa chumvi kupitia majani. Mwambie mtoto alambe jani upande wa juu mchana wa jua kali. Hatasahau. Chini ya mchu ataona mizizi imechomoza topeni kama penseli mamia kwa mamia. Hiyo ni ya kupumulia, kwa sababu tope halina hewa, na ndiyo maana haikanyagwi. Mkoko wenyewe una mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Mkandaa ni mfupi zaidi, majani yameelekea juu na ncha zake ni butu. Mlilana utauona mbele kabisa, kwenye maji. Hebu waulize kwa nini kila mti una mstari wake. Jibu ni muda ambao mizizi hukaa ndani ya maji kila siku.

Kisha wape kamba ya mita nne iliyofungwa ncha, waitandaze pembe nne topeni, wasimame mbali hatua tano bila kusogea kwa dakika tano, wahesabu kaa wanaotoka matunduni. Dakika ya kwanza watasema hakuna kitu. Ikifika ya tano tope linatembea. Wenye gando moja kubwa la rangi ni madume, hulipunga kuita majike. Jike ana magando mawili madogo na hula kwa yote, dume hula kwa moja tu, lile dogo. Rudia zoezi hilo chini ya mikoko na kwenye tope la wazi, mlinganishe namba darasani.

Je, kuna mamba Mida? Mume wangu hataki watoto waingie majini.
*Mama watatu, Kisauni*

Mama, mamba hapana. Hakuna mto unaomwaga maji Mida. Maji matamu hufika kwa mvua na kwa kuchuruzika chini ya ardhi tu. Wanyama wa mtoni wana mto wao, Sabaki, kaskazini ya Malindi. Kitakachowasumbua watoto ni mkondo, na jibu linalofuata linahusu huo.

Tulikodi kayaki mbili tukaingia na maji mpaka ndani kabisa mikokoni, raha tupu. Kurudi tulipiga makafi saa nzima bila kusogea, halafu tukakwama kwenye tope mpaka usiku. Tulikosea wapi?
*Vijana wanne, Kilifi mjini*

Mlikosea saa ya kugeuka. Watu hudhani bahari hupanda na kushuka kwa mwendo mmoja. Sivyo. Gawa kina chote mara kumi na mbili: saa ya kwanza maji hushuka sehemu moja, saa ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Kwa bamvua ya mita tatu maana yake ni sentimita 25, kisha 50, kisha 75 na 75 tena, halafu 50 na 25. Kwa hiyo saa ya kwanza baada ya kujaa mtu hahisi kitu, anaendelea kupiga picha. Ya tatu inapofika, nusu ya maji iko njiani kutoka, na yote yanapita kwenye mifereji michache na mlango mmoja.

Sasa kama mlianzia upande wa mlango wa kriki, mkondo wa kutoka ungewasaidia kurudi. Huenda kurudi mlishika njia nyingine, mkawa mnapanda mkondo. Kanuni yetu ni fupi: anza saa mbili kabla ya maji kujaa, ukiingia nayo, geuka yanaposimama, na uwe umefika nchi kavu kabla saa moja na nusu haijapita. Usiukaribie mlango maji yakitoka, hata kama unajua kuogelea. Mkondo unaelekea bahari kuu na mawimbi yanavunja pale pale. Kipindi cha kusi, hasa Juni hadi Agosti, upepo wa kusini huongeza taabu. Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, maji huwa matulivu zaidi asubuhi.

Jaketi la kuokolea livaliwe na lifungwe. Likiwa chini ya kiti ni mto tu. Simu iwe ndani ya mfuko usioingiza maji na ufungwe kwa kamba mwilini. Beba kafi la akiba kwa kila kayaki mbili, maji lita mbili kwa mtu, na tochi hata kama mnaondoka saa nane mchana. Mwambie mtu aliyebaki nchi kavu saa mtakayorudi. Na mkikwama tena topeni, kaeni ndani ya kayaki. Kutembea usiku kwenye tope laini kuelekea taa unazoziona kumewachosha watu wenye nguvu kuliko nyinyi. Maji yatarudi baada ya saa chache na kuwainua.

Mwenye kutaka utulivu zaidi achukue mzee wa mtumbwi na upondo wake. Mti ule mrefu hausumbui ndege kama makafi, na mzee anajua mfereji upi una maji saa ipi. Anzieni Dabaso, ambako kikundi cha kijiji kina daraja lake la mikokoni na mkahawa wa kaa. Sambusa zao za kaa zina jina.

Kampuni moja ilituletea kikundi chetu miche ya mkoko elfu moja tuipande kwenye tope la wazi mbele ya mikoko, tukapigwa picha. Baada ya miezi sita hakuna hata mmoja. Udongo mbaya?
*Kikundi cha kina mama, Kaunti ya Kwale*

Udongo hauna kosa, kina mama. Mahali ndipo pabaya, na mmeonewa kwa kupewa kazi isiyokuwa na matokeo. Tope la wazi lingekuwa linafaa miti, miti ingeshaota yenyewe. Mbegu zinaelea hapo kila siku. Mkoko wa katikati hauwezi kukaa mbele kabisa: maji humzamisha muda mrefu mno, mawimbi humng'oa, na vijikonokono na chaza humng'ang'ania shina changa mpaka livunjike. Mbaya zaidi, tope hilo lina wenyewe. Ndilo sahani ya vitwitwi, wale ndege wadogo wa topeni, na wala-kaa. Mngefaulu, mngekuwa mmefunga jikoni ya ndege.

Tafuteni mahali palipokuwa na mikoko ikakatwa, visiki bado vinaonekana. Angalieni kwanza kama maji ya bahari yanafika na kutoka. Kama kuna tuta au njia iliyoziba mfereji, chimbueni mfereji kabla ya kununua hata mche mmoja. Mara nyingi mkishafungua maji, miche inakuja bila kupandwa. Ikibidi kupanda, pandeni jamii ile ile ya visiki. Mbegu ndefu ya mkoko iliyokomaa ina pete ya manjano pale inapokutana na tunda. Isiyo na pete imechumwa mbichi na itaoza. Chagua iliyonyooka, isiyo na tundu la mdudu, usiiache juani, na uipande ndani ya siku chache. Ichomeke wima, ncha iliyochongoka chini, theluthi moja ndani ya tope, bila kuigonga kwa jiwe. Umbali wa mita moja kila upande unatosha. Rudini mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita kuhesabu zilizo hai. Anayelipa alipie hesabu hiyo pia, si siku ya picha peke yake. Na kabla ya yote pateni kibali na ushauri wa Huduma ya Misitu, KFS, kwa kuwa mikoko yote ni msitu wa serikali.

Kasa amenasa kwenye jarife langu, yuko hai ila hasogei. Jirani ananiambia nikipiga simu nitashikwa. Nifanye nini?
*Mvuvi, upande wa Dabaso*

Piga simu, mzee wetu. Kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013 ni kumwua, au kukutwa na nyama, mafuta au gamba. Watamu kuna shirika la Local Ocean Conservation, lililoanza 1997, ambalo limepokea kasa wa namna hii kutoka kwa wavuvi wa kriki kwa zaidi ya miaka ishirini. Huja kumchukua, na mvuvi hupewa kifuta jasho cha muda na simu yake.

Huku unawasubiri: kata nyuzi kwa kisu, usizivute, maana huenda zimeingia kwenye nyama. Mwinue kwa gamba, mbele nyuma ya shingo na nyuma juu ya mkia, wala si kwa mapezi. Mlaze kwa tumbo, kamwe si chali. Kivulini, na kitambaa kilicholowa juu ya gamba, pua ziwe wazi. Asiyesogea huenda amekunywa maji: inua sehemu ya nyuma sentimita 15 au zaidi kwa kuwekea mti au gunia, ili maji yatoke mapafuni. Mguse taratibu karibu na jicho kila baada ya muda. Akipepesa, yu hai. Anaweza kukaa hivyo saa nyingi, hata siku nzima, halafu akazinduka. Usimrudishe baharini akiwa amezimia, atazama. Usimmwagie maji mdomoni.

Naruhusiwa kurusha droni juu ya ndege wa Mida?
*Mpiga picha, Mombasa*

Droni yenyewe inataka kibali cha mamlaka ya anga, KCAA, na ndani ya hifadhi ruhusa ya Huduma ya Wanyamapori, KWS, juu yake. Hata ukivipata vyote, usiirushe juu ya ndege waliolala. Wanaiona kama mwewe, kundi lote linaruka. Mwezi wa Machi na Aprili vitwitwi wanajaza mafuta ya safari ya mpaka Siberia, wengine wakikaribia kuwa na uzito maradufu, na kila kurushwa kunamaliza walichokula. Ukitaka kundi angani, kaa kibandani mpaka maji yawafikie magotini. Wataruka wenyewe. Na kati ya Novemba na Machi ubaki mpaka machweo: keremkerem wekundu huja makundi makundi kulala mikokoni, na kwa hao hata simu ya kawaida inatosha.

Nimeona kitwitwi mwenye pete za rangi miguuni. Nimwambie nani, na niandike nini?
*Mwanafunzi, Malindi*

Waambie A Rocha Kenya pale Mida. Wao huvua ndege usiku kwa nyavu, huwapima, huwavisha pete na kuwaachia. Andika tarehe, saa, mahali, na aina ya ndege ukiijua. Mguu wa kulia ni wa kulia kwa ndege, si kwako unayemtazama, na hapo ndipo wengi hukosea. Kwa kila mguu andika rangi kutoka juu kwenda chini, na useme kama pete iko juu au chini ya kifundo. Kama kuna kibendera chenye herufi, soma mara tatu kabla ya kuandika. Mguu ambao hukuuona, andika "sikuuona", usiuache tupu, kwani anayesoma atadhani haukuwa na pete.